Baromita ya Kale Mnadani: Maswali ya Kuuliza Kabla Nyundo Haijagonga

Katika mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, mnunuzi humkagua samaki macho na mashavu kabla ya kutaja bei. Mnada wa vitu vya kale unaoendeshwa Uingereza kwa njia ya mtandao hautoi nafasi hiyo. Mlaji aliyeko Mwanza au Dodoma huona picha chache, mistari miwili mitatu ya maelezo na dakika zinazozidi kupungua. Nyundo ikishagonga, amefungwa na mkataba wa nchi ya mbali, ambako vyombo vya kumlinda mlaji vya hapa nyumbani havina nguvu ya kuamuru fedha zirudishwe. Baromita, yaani kipimahewa, ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa kuwa karibu mitego yote ya soko hili imo ndani yake.

Baromita hupima mgandamizo wa hewa. Katika miaka ya 1640 Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha kwamba hewa ya usawa wa bahari huweza kuhimili safu ya zebaki yenye urefu wa sentimita 76 hivi ndani ya mrija wa kioo. Miaka 200 baadaye, mwaka 1844, Mfaransa Lucien Vidi alisajili uvumbuzi wa chombo kisicho na kimiminiko: kijisanduku chembamba cha metali kilichoondolewa hewa, ambacho hubonyea na kufutuka na kuusukuma mshale. Chombo hicho huitwa aneroidi. Kwa mnunuzi wa mbali, tofauti baina ya aina hizi mbili ni muhimu kuliko umri wa chombo au uzuri wa mbao zake.

Wengi hukosea hapa. Ziko baromita zenye uso wa mviringo na mshale kama saa ya ukutani, na mtazamaji hudhani ni aneroidi, kumbe nyuma ya ubao umefichwa mrija wa zebaki uliopinda. Picha ya mbele haitoshi. Omba picha ya nyuma, kifuniko kikiwa wazi. Baromita ya zebaki ikilazwa ovyo, hewa huingia mrijani au zebaki humwagika. Abiria wa kawaida wa ndege haruhusiwi kuibeba katika mizigo yake, na wasafirishaji wengi wa vifurushi huikataa. Aidha, Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umeziweka baromita za zebaki miongoni mwa bidhaa zinazoondolewa katika biashara. Idara ya forodha iulizwe kabla ya mnada, si baada ya mzigo kufika bandarini.

Maneno “inafanya kazi” nayo yana mipaka yake. Nyuso za baromita za Kiingereza ziliandikwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Uingereza: dhoruba, mvua, mabadiliko, kweupe. Katika ukanda wetu mgandamizo hubadilika kidogo tu, ukipanda na kushuka mara mbili kwa siku bila kujali kama mvua inakuja. Tena hewa hupungua kadiri nchi inavyoinuka. Dodoma, iliyo mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, mshale uliopangwa kwa usawa wa bahari utaipita alama ya dhoruba na kubaki huko, jua liwe kali namna gani. Muuzaji hakusema uongo. Mnunuzi ndiye anayepaswa kujua kwamba amenunua pambo.

Jina lililoandikwa usoni mara nyingi ni la mwenye duka, wala si la fundi. Nahodha Robert FitzRoy, aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya Uingereza tangu mwaka 1854, alifariki mwaka 1865, lakini wafanyabiashara waliendelea kuuza baromita zenye jina lake kwa miaka mingi baadaye. Maelezo yakisema chombo ni cha “mtindo wa” fulani, hayajaahidi chochote kuhusu aliyekitengeneza.

Bei inayotangazwa na mnadi si bei utakayolipa. Tuchukue mfano: nyundo imegonga kwenye pauni 200. Nyumba ya mnada ikitoza mnunuzi ada ya asilimia 25, zinaongezeka pauni 50. Kodi ya asilimia 20 juu ya ada hiyo ni pauni 10 nyingine. Jumla ni 260 kabla ya ada ya jukwaa la mtandao, ufungashaji, usafiri na ushuru. Amua kikomo chako kwa kuanzia na jumla, ukirudi nyuma hadi kwenye dau.

Chunguza pia vifundo vidogo vyeupe vya kurekebishia alama. Baadhi ni pembe za ndovu. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwezi Juni 2022 inakataza uuzaji wa pembe hizo isipokuwa kwa misamaha iliyosajiliwa, na kuzivusha mpaka huhitaji vibali vya CITES. Udogo wa kifundo hauondoi sharti hilo.

Mafungu ya vitu mchanganyiko, kama sarafu, stempu na vijisanduku, yanahitaji uangalifu uleule. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo, ina bandia zake. Ikitokea ndani ya fungu la bei ndogo, jiulize kwa nini haikuuzwa peke yake.

Nchini Uingereza, mnada ambao watu wanaweza kuhudhuria ana kwa ana haumpi mnunuzi haki ya siku 14 ya kubatilisha ununuzi, ambayo huwapo anaponunua mtandaoni kwa mfanyabiashara. Kwa hiyo omba mapema taarifa ya maandishi kuhusu hali ya chombo: kina zebaki au hakina, mrija ni mzima au la, sehemu zipi zimebadilishwa, nani atakifungasha. Hifadhi majibu hayo pamoja na nakala ya ukurasa wa maelezo. Jibu lisipofika kabla ya siku ya mnada, usitaje dau.