Gari likichemsha, usikimbilie mfuniko

Mshale wa joto umefika kwenye nyekundu, mvuke unafuka chini ya boneti, na mtu pembeni anakwambia, "Fungua rejeta uongeze maji haraka!" Usifungue.

Maji kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi joto 100, ukiwa usawa wa bahari. Ndani ya rejeta mambo ni tofauti. Mfuniko wake hushikilia presha, na presha ya ziada ya bar 1 huyazuia maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120. Tuseme yako nyuzi 110, yametulia tu. Ukilegeza mfuniko, presha inashuka na sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo. Kwa kila lita ni kama gramu 19 tu, lakini gramu hizo zinatoa takribani lita 30 za mvuke. Mvuke huo ndio unaorusha maji ya moto usoni kwako.

Kwa hiyo paki pembeni, zima injini, subiri ipoe kabisa, hata ikichukua saa nzima. Mikono ikae mbali na feni: ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Ikishapoa, angalia kiwango cha maji. Kama yamepungua, kuna mahali yanavuja. Kama yapo, jiulize gari huchemsha lini. Likichemsha kwenye foleni tu, lakini likitembea linapoa, mshuku feni. Likichemsha muda mfupi baada ya kuwashwa, huku mpira wa juu wa rejeta ukibaki wa baridi, mshuku themostati.

Themostati ni kilango kidogo chenye nta ndani. Injini ikiwa ya baridi, kinafunga njia ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate joto upesi. Joto likifika nyuzi 82 hadi 90 hivi, nta inayeyuka, inatanuka na kukifungua. Kikigoma kufunguka, gari linachemsha. Kikigoma kufunga, mshale unachelewa kupanda, na ukiwa barabara kuu unashuka.

Kukipima ni rahisi. Fundi akishakitoa, kining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, weka kipimajoto, pasha moto. Kinatakiwa kianze kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake.

Utasikia pia ushauri huu: "Ng'oa themostati, huku kwetu kuna joto." Hebu fikiria. Dar es Salaam ikiwa na nyuzi 32 wewe unatoka jasho, ila kwa injini inayotaka karibu nyuzi 90, hiyo bado ni baridi. Bila themostati injini inachelewa kupata joto, inakunywa mafuta zaidi na kulika mapema. Na kama tatizo lilikuwa feni au uvujaji, bado lipo palepale.