Barua Iliyojibiwa kwa Dharau: Yaliyowapata Wacheki na Wajerumani

Katika miaka ya 1890, katika mji wa Mladá Boleslav ulioko kaskazini-mashariki ya Prague, aliishi muuza vitabu aitwaye Václav Klement. Alikuwa na baiskeli iliyoharibika, na baiskeli hiyo ilikuwa imetengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya Seidel & Naumann, ya mji wa Dresden. Kampuni hiyo ilikuwa na tawi katika mji wa Ústí nad Labem, ndani ya nchi yake mwenyewe. Klement akaliandikia tawi hilo barua kwa Kicheki, lugha ya mama yake na ya watu walio wengi wa nchi ile. Jibu lilirudi kwa Kijerumani: akitaka kuhudumiwa, aandike kwa lugha ambayo wao wanaifahamu.

Ndugu msomaji, huenda ukaliona jambo hili dogo. Lakini kwa Wacheki wa wakati ule halikuwa dogo hata kidogo. Nchi yao, Bohemia, ilikuwa chini ya watawala wa Vienna kwa karne nyingi. Wacheki walikuwa takriban theluthi mbili ya wakazi wake na Wajerumani theluthi moja, ila Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya vyeo na ya biashara kubwa. Mwaka 1882 hata Chuo Kikuu cha Prague kiligawanywa, kikawa cha Wacheki na cha Wajerumani. Mwaka 1897 serikali ya Vienna ilipoamuru watumishi wa umma katika Bohemia wajue lugha zote mbili, Wajerumani walifanya ghasia hadi Waziri Mkuu Badeni akaondolewa, na baadaye amri yenyewe ikafutwa. Barua ya Klement ilijibiwa katika hali ya namna hiyo.

Klement hakwenda kuvunja madirisha ya mtu. Alishirikiana na fundi mmoja, Václav Laurin, na mwishoni mwa mwaka 1895 wakafungua karakana ya baiskeli. Baiskeli zao waliziita Slavia, jina lenye kutangaza asili yao ya Kislavi. Mwaka 1899 wakaanza kutengeneza pikipiki, na mwaka 1905 wakatoa gari lao la kwanza. Mwaka 1925 kampuni yao iliungana na kampuni kubwa ya Škoda ya mji wa Plzeň, na tangu hapo magari yao yakachukua jina hilo. Sisi Waislamu tunafundishwa na Mtume wetu (SAW) ubora wa chumo la mikono ya mtu mwenyewe. Hawa wawili hawakuwa Waislamu, lakini uchungu wao waliutia katika kazi, na kazi ikawalisha wao na maelfu ya wengine.

Tungependa kuishia hapo, lakini historia haikuishia hapo, na msomaji ana haki ya kuelezwa yote.

Mwaka 1918 dola ya Austria na Hungaria ilivunjika, na Chekoslovakia ikazaliwa. Sasa Wajerumani zaidi ya milioni 3 walijikuta ndio wachache katika nchi iliyoongozwa na wale waliokuwa chini yao jana. Nao wakawa na manung'uniko yao. Hitler aliyatumia manung'uniko hayo. Septemba 1938, katika mkutano wa Munich, mataifa makubwa yalimkabidhi maeneo ya mpakani bila ya Wacheki wenyewe kushirikishwa. Tarehe 15 Machi 1939 majeshi yake yaliingia Prague. Vyuo vikuu vya Wacheki vikafungwa, na viwanda vya Škoda vikatiwa katika kazi ya kuunda silaha za jeshi la Ujerumani. Juni 1942 kijiji cha Lidice kilifutwa kabisa: wanaume wakapigwa risasi, wanawake wakapelekwa kambini, na watoto walio wengi wakauawa kwa gesi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, zamu iligeuka. Wajerumani karibu milioni 3 waliondoshwa katika nchi ambamo wazee wao waliishi kwa mamia ya miaka. Wengi walikuwa wanawake, wazee na watoto, na mali zao zilitaifishwa. Maelfu walikufa. Palikuwa na wahalifu miongoni mwao, lakini walio wengi hawakusimamishwa mbele ya hakimu ili kila mmoja apimwe kwa tendo lake. Kosa lao lilikuwa lugha yao. Dharau iliyokuwa katika barua ya Klement ilikuwa sasa imerudi, ikiwa na nguvu ya dola na ya bunduki.

Hapa ndipo sisi tunapaswa kuwakumbusha watoto wetu mafundisho ya Suratul Maidah: kwamba kuwachukia watu kusitufanye tukaacha kuwatendea uadilifu. Kumfanyia haki unayempenda si kazi. Mtihani uko kwa yule aliyekuumiza, na kwa mtoto wake ambaye hakukuumiza.

Chini ya utawala wa Kikomunisti, kuanzia 1948, kiwanda cha Mladá Boleslav kiliendelea, lakini kiliachwa nyuma na wenzake, hata magari yake yakawa mzaha katika nchi za Magharibi. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1989, serikali mpya ilitafuta mshirika. Mwaka 1990 ilimchagua Volkswagen wa Ujerumani. Hebu fikiri: kiwanda kilichoanza kwa sababu ya jibu la Kijerumani kinaingia mikononi mwa Wajerumani! Wapo Wacheki walioona kuwa nchi inauzwa. Walinung'unika zaidi pale Volkswagen ilipopunguza ahadi zake za uwekezaji mwaka 1993.

Hata hivyo, mambo mawili yalisaidia. Kwanza, jina la Škoda halikufutwa. Pili, katika nafasi nyingi za uongozi, meneja mgeni aliwekwa pamoja na meneja wa Kicheki, washike kazi moja ili mwenyeji ajifunze, kisha mgeni aondoke. Palitokea misuguano, lakini kazi ilikwenda. Volkswagen ilianza na hisa za asilimia 30 hivi, na kufikia mwaka 2000 ikamiliki kampuni yote. Leo Ujerumani ndiyo mshirika mkubwa kuliko wote wa biashara ya Jamhuri ya Cheki.

Biashara peke yake, hata hivyo, haiponyi kidonda. Tarehe 21 Januari 1997, serikali mbili hizo zilitia saini tamko la pamoja mjini Prague. Ujerumani ilikiri dhulma za utawala wa Hitler juu ya Wacheki. Wacheki nao walisikitika kwamba kuondoshwa kwa Wajerumani kuliwatesa watu wasio na hatia. Kila upande ulitaja kosa lake, si la mwenzake tu. Ulianzishwa pia mfuko wa pamoja, uliowapa msaada wahanga wa Unazi waliokuwa hai bado. Wapo waliosema tamko halikutosha, na wapo waliosema limezidi. Lakini lilitiwa saini.

Sisi tunaoshika kalamu ya kamati ya msikiti hupokea barua nyingi. Nyingine zina makosa ya maandishi, nyingine zimeandikwa na ndugu ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, nyingine ni za madai yenye ukali. Katika Suratun Nisaa tumeamrishwa kurudisha maamkizi kwa yaliyo bora zaidi, au angalau kwa mfano wake. Barua ni maamkizi. Vivyo hivyo mgeni anayebisha hodi, na mtoto wa jirani mwenye lafudhi inayowachekesha watoto wetu. Tunawaomba wazazi walizungumze jambo hili nyumbani, pale mtoto anapomcheka mwenzake kwa namna anavyosema. Yule karani wa Ústí nad Labem huenda aliisahau barua yake jioni ile ile. Aliyeandikiwa hakuisahau.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye adabu na nyoyo zenye uadilifu. Amin.