"Kaka, sauti yako inakatika!"

Leo nina kidonda, acha nikitoneshe mwenyewe.

Mwezi uliopita niliitwa usaili wa kazi kwa njia ya video. Nikaazima shati la mshikaji, nikakaa mbele ya simu kama bwana harusi. Dakika ya tatu tu, mama aliyekuwa ananihoji akaanza: "Kaka, sauti yako inakatika." Nikapaza sauti. Wapi! Naona mdomo wake unacheza, maneno yanafuata baadaye. Wakaniaga kwa heshima zote. Kimya mpaka leo.

Kumbe chumba cha pili mwenzetu alikuwa anapandisha intaneti video za harusi ya dada yake. Tunaishi wanne, laini tunachangia. Nikamvaa. Akaniuliza, "Kwani mimi mchango sijalipa?" Nikakosa jibu.

Nikadhani dawa ni kununua laini kubwa zaidi. Lakini laini yetu inapandisha megabiti 2 kwa sekunde, na simu ya sauti inakula kama kilobiti 100 tu. Yaani moja ya ishirini! Noma iko kwenye foleni.

Chukulia bomba la uani. Mwenye ndoo ishirini katangulia, wewe una kikombe. Maji yapo, ila mpaka ndoo ya mwisho ijae koo limeshakukauka. Ndani ya modemu nako kuna mahali data inapongojea, panaitwa bafa. Zikijazana humo kilobaiti 500, kwa laini kama yetu sauti yako inasubiri sekunde 2 nzima. Kwenye usaili, sekunde 2 unaonekana zuzu.

Usicheke, yalimkuta hata mtaalamu Jim Gettys huko Marekani, nyumbani kwake, mwaka 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa dawa iitwayo CoDel: data ikikaa sana kwenye foleni, kidogo inatupwa, anayetuma anashtuka na kupunguza mwendo. Wengine wakaongezea mambo ya zamu, ndoo moja moja kwa kila mtu. Mwenye kikombe anapita fasta.

Tukamwita fundi. Cha kwanza, akaishusha kasi ya kupandisha mpaka megabiti 1.8. Nikamaka: unatibu njaa kwa kupunguza ugali? Akasema hivyo foleni itajipanga kwenye ruta, tunayoweza kuiamuru, badala ya kwenye modemu isiyosikia la mtu. Halafu akawasha zile zamu. (Ruta nyingine hazina kitu hicho, uliza kabla hujatoa hela.)

Kasheshe ikaja kwenye kipaumbele. Mmoja anataka gemu lake liwe juu, mwingine mpira wake. Fundi akacheka: wote mkiwa wageni rasmi, nani atakaa nyuma? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukaelewana: simu kwanza, gemu linafuata, video za harusi usiku wa manane.

Haya yote hayasaidii kitu mkongo ukikatika baharini, kama ile Mei 12, 2024. Hapo hakuna cha zamu wala kipaumbele.

Jumatano nina usaili mwingine. Shati nimeshaazima, na safari hii mwenye shati ni yule yule wa video za harusi.