Mwendelezo na Mwingiliano katika Bunilizi za Sayansi za Televisheni: Uhura na Watazamaji wa Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Mabishano ya wapenzi wa michezo ya televisheni aghalabu hupuuzwa na wasomi kwa kudhaniwa kuwa ni porojo za vijana. Lakini ayasikilizaye kwa makini atatambua kuwa yanahusu swali la zamani katika uhakiki wa fasihi simulizi: hadithi inapoendelezwa na msimulizi mwingine, ni mambo gani yanayoweza kubadilishwa, na ni yapi yasiyoguswa? Lengo la makala hii ni kulichunguza swali hilo kwa kumtazama mhusika mmoja, Uhura wa michezo ya Star Trek, ambaye jina lake limetokana na Kiswahili, na ambaye michezo ya karibuni inamtambua kuwa Mkenya. Mazingira yanayozingatiwa ni ya mji wa Kitengela na Kajiado kwa jumla, kwa kuwa huko suala la nani anazungumza lugha gani ni la kila siku.

Maana ya mwendelezo na mwingiliano

Michezo mingi inayotumia ulimwengu mmoja wa kubuni yaweza kuitwa ukoo wa michezo. Mwendelezo ni ule ulinganifu unaotakiwa baina ya mchezo uliotangulia na ule unaofuata. Mwingiliano ni hali ya wahusika wa mchezo mmoja kuingia katika mchezo mwingine.

Dhana hizi si ngeni Afrika ya Mashariki. Katika ngano, Sungura huweza kuuawa leo na kuonekana mzima kesho, wala hakuna alalamikaye. Lakini msimulizi akimfanya Sungura amshinde Tembo kwa nguvu za mwili badala ya hila, wasikilizaji watamkatiza. Kinacholindwa katika ngano, basi, ni tabia ya mhusika wala si orodha ya matukio yake. Katika televisheni mambo yamezidi ugumu. Picha iliyohifadhiwa hubaki kuwa shahidi, na mtazamaji huweza kuirudia apendapo. Kwa hiyo matukio nayo hudaiwa ulinganifu, na hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

Jina la Uhura

Star Trek ilianza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mwigizaji Nichelle Nichols alikwenda kujaribiwa akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na kutokana na neno hilo likapatikana jina la mhusika, mwisho wake ukigeuzwa kuwa a. Mgeuzo huo hauna msingi katika sarufi ya Kiswahili. Lugha hii haitofautishi majina ya kike na ya kiume kwa irabu ya mwisho. Hiyo ni desturi ya baadhi ya lugha za Ulaya. Uhura, basi, ni neno la Kiswahili lililovishwa vazi la kigeni.

Jina lake la kwanza lina historia ya ajabu zaidi. Katika michezo ya awali halikutajwa kamwe. Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler alimwita Nyota katika kitabu chake kuhusu maisha ya wahusika wa ukoo huo. Wapenzi wakalipokea na kulitumia, ingawa halikuwa limetamkwa katika mchezo wala filamu yoyote. Lilitamkwa kwa mara ya kwanza katika filamu ya mwaka 2009, baada ya miaka 27, Zoe Saldaña akiigiza nafasi hiyo. Hapa watazamaji ndio walioitunza sehemu ya mwendelezo, na wenye mali wakaikuta imekwisha kuota mizizi.

Hoja zinazobishaniwa

Filamu hiyo ya 2009 ilizusha ubishi kwa kumfanya Uhura awe mpenzi wa Spock. Waliopinga walisema kwamba michezo ya awali haikuonyesha mapenzi hayo. Waliotetea walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba filamu yenyewe inaeleza kuwa msafiri aliyerudi nyuma amezua mkondo mwingine wa wakati, hivyo matukio hayalazimiki kufanana. Ya pili ni kwamba katika mchezo mmoja wa mwaka 1966 Uhura anaimba akimtania Spock, naye Spock akimpigia kinanda cha nyuzi. Kwa hiyo mbegu ilikuwapo. Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Ya kwanza inaomba ruhusa ya kuvunja mwendelezo, lakini ya pili inaonyesha kwamba haukuvunjwa.

Ubishi unaowahusu zaidi wasemaji wa Kiswahili umetokana na mchezo uitwao "The Changeling" wa mwaka 1967. Humo chombo kiitwacho Nomad kinafuta maarifa yote ya Uhura, naye analazimika kufundishwa kusoma upya. Lakini akwamapo katika somo la Kiingereza, anaropoka kwa Kiswahili. Ikiwa yote yalifutwa, Kiswahili kilibakia wapi? Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kosa la waandishi. Wengine hujibu kwamba lugha ya kwanza imejichimbia mahali ambapo mashine haikufika.

Mtazamaji wa Kitengela ana sababu ya kuyapima majibu hayo kwa njia yake. Mji huo, ulio kandokando ya barabara ya Namanga, umekusanya watu wa makabila mengi, na wako watoto wanaokua humo wakijua Kiswahili kabla ya lugha za babu zao. Kwake yeye, Mkenya ambaye Kiswahili ndicho kilindi cha akili yake si jambo la kustaajabisha. Lakini kwa mtazamaji wa Bissil au Magadi, aliyelelewa kwa Kimaa na kukipata Kiswahili shuleni, swali ni jingine: kwa nini Mkenya huyu hana lugha ya kwao? Maswali yote mawili ni ya haki, na hakuna kati yake ambalo waandishi wa 1967 walikuwa wamejiandaa kulijibu.

Jibu lilikuja baada ya miaka 55. Katika mchezo wa Strange New Worlds ulioanza mwaka 2022, Uhura kijana, anayeigizwa na Celia Rose Gooding, anaeleza mezani kwa nahodha wake kwamba Kenya ina lugha nyingi za asili, na kwamba yeye anajua lugha 37. Nyongeza hii haikufuta lililotangulia. Kiswahili kimebaki mahali pake, na lugha nyingine zimepewa nafasi kando yake. Huo ni mfano wa mwendelezo mwema.

Mwingiliano

Mwaka 2023 wahusika wawili wa Lower Decks, ambao ni mchezo wa katuni wa kuchekesha, waliingia katika Strange New Worlds wakitoka zaidi ya karne moja mbele. Kuna hatari katika kuchanganya kichekesho na mchezo wa makini: huenda kimoja kikakidhihaki kingine. Hata hivyo mchezo huo, "Those Old Scientists", ulipokewa vizuri, ukateuliwa kugombea tuzo ya Hugo ya mwaka 2024. Sababu yaweza kuelezwa. Wageni hao wanawajua wenyeji wao kama mashujaa wa historia, na wanawastaajabia kama wafanyavyo watazamaji. Mariner anamkuta Uhura akiwa bado kijana aliyezama kazini, na kila mmoja anabaki na tabia yake. Kanuni ya ngano imefuatwa: Sungura huweza kutembelea kijiji chochote, mradi afike akiwa Sungura.

Hitimisho

Imeonekana kwamba wapenzi wa michezo hii hawachukii mabadiliko. Wanachodai ni kwamba anayeongeza aonyeshe kuwa amesikia yaliyosemwa kabla yake. Katika hoja ya Uhura, yaliyosemwa kabla ni pamoja na lugha yenyewe. Kiswahili kiliingizwa katika Star Trek kama pambo, na jina likapindwa bila kuulizwa mwenye lugha. Pambo hilo sasa limekuwa sehemu ya mwendelezo, hivyo linaweza kukosolewa na kusahihishwa. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa watazamaji wa Marekani peke yao. Mwanafunzi wa Kitengela asikiaye Kiswahili kibovu kinywani mwa mhusika anayeitwa Mkenya ana hoja ya mwendelezo iliyo nzito kuliko ya rangi ya sare au umbo la chombo cha angani, na yafaa aitoe.