Matabishi, neno lenye kutoka mbali

Ku soko ya komini Kenya, hapa Lubumbashi, mama muuzaji anapima meka ya bunga, anaipangusa juu na mkono, na mununuzi anabaki palepale na mufuko wazi. «Mama, na matabishi?» Mama ananunguna, lakini anaingiza tena mkono ndani ya bunga: nusu ya kiganja. Bila ile nusu ya kiganja, kesho mutu ataenda kununua kwa jirani.

Hii neno tunaisema tangu utoto, na wengi wetu tunazani iliachwa na bankambo. Hapana, ni ya Wareno. Kwao «mata» ni kuua, «bicho» ni kadudu. Kuua kadudu! Kadudu gani? Kale kenye kulia ndani ya tumbo asubuhi, mbele ya kula. Zamani mutu alikuwa anakaua na veri moja ya pombe kali. Wafaransa nao wanasema «tuer le ver». Mpaka leo, mu Angola na Msumbiji, «matabicho» ni chakula cha asubuhi.

Wareno walifika kwenye mudomo wa mto Kongo mu 1482, pamoja na Diogo Cão. Kupitia upande ule wa Atlantiki, neno lilipanda mpaka kwetu. «Meza» pia ni yao, lakini hiyo ilipita mulango mwingine: Bahari ya Hindi, pwani ya Waswahili, halafu misafara ya wafanyabiashara. Basi ukiweka matabishi juu ya meza, bahari mbili zinakutana mu nyumba yako. (Hiyo ilitufurahisha kupita kipimo, tunakubali.)

Toka pombe, neno likawa feza kidogo ya kumushukuru mutu, likawa nyongeza ya soko. Halafu likaingia mu biro. Ku soko, muuzaji anatoa ili urudie. Ku biro, wewe mwenye shida ndiye unatoa, na usipotoa, karatasi haitembei. Mumoja wetu alingojea siku ine juu ya karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, kwa sababu alijifanya hasikii «na matabishi?».

Siku ya tano alielezea yule mutu wa biro kama matabishi ni kuua kadudu. Yule akacheka sana, akapiga kashe.

«Kumbe! Basi papa, kadudu yangu iko nalia.»