Vidonge vya Mzio na Usukani Katika Barabara ya Garissa

Mji wa Matuu, ulioko Yatta katika Kaunti ya Machakos, umekaa kando ya barabara kuu itokayo Thika kuelekea Garissa, na kwa kuwa ardhi yake ni kavu, vumbi hutimuliwa na upepo na magari kwa miezi mingi, kisha mvua zinaponyesha nyasi huchipua na kumwaga chavua hewani. Si ajabu basi kwamba chafya za mfululizo, macho yanayowasha na kamasi jepesi ni malalamiko ya kawaida katika maduka ya dawa, ambako mgonjwa mara nyingi hupewa vidonge vinavyojulikana na karibu kila mtu kama Piriton, ingawa hilo ni jina la biashara tu, na dawa yenyewe huitwa klofeniramini.

Mzio, ambao wengi huuita aleji, hutokea pale kinga ya mwili inapokipokea kitu kisicho na madhara, kama vile vumbi au chavua, kana kwamba ni adui, na seli zake zikatoa histamini, yaani kemikali inayotanua mishipa midogo ya damu na kusababisha muwasho, uvimbe na kamasi. Klofeniramini, sawa na prometazini na difenhidramini, huzuia kazi hiyo ya histamini. Tatizo ni kwamba ndani ya ubongo histamini hiyo hiyo ndiyo inayomweka mtu macho, na dawa hizi za kizazi cha kwanza hupenya kwa urahisi hadi huko, ndipo usingizi, uzito wa kichwa na wepesi wa kusahau huanza. Zaidi ya hayo, huzuia kemikali nyingine, asetilikolini, hivyo kinywa hukauka na choo kikawa kigumu. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kukojoa, mwenye presha ya macho hali yake ikazidi, na wazee kwa jumla wakachanganyikiwa.

Hatari inayostahili kusisitizwa zaidi ni ile isiyohisiwa. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima watu 40 wenye mzio kwa kutumia mtambo unaoiga uendeshaji wa gari, wakaona kwamba waliomeza difenhidramini waliendesha vibaya kuliko walipokuwa wamekunywa pombe, ilhali feksofenadini, dawa ya kizazi cha pili, haikutofautiana na kidonge kisicho na dawa. Tena kiasi cha usingizi ambacho watu wenyewe walidai kuhisi hakikutabiri vizuri ni nani angeendesha vibaya. Kwa hiyo kauli ya dereva wa matatu au wa bodaboda kwamba yeye "amezoea" dawa ya kizazi cha kwanza haimkingi, na Sheria ya Trafiki ya Kenya nayo haikutaja pombe peke yake, bali hata dawa inayomfanya mtu ashindwe kulimudu gari. Kumeza usiku pekee hakuondoi shaka yote, maana kwa mtu mzima nusu ya klofeniramini inaweza kubaki mwilini kwa takribani siku nzima, na vidonge vingi vya mafua huwa tayari vina klofeniramini ndani yake, hivyo anayevichanganya na Piriton hujiongezea dozi bila kujua.

Anayefanya kazi mchana, na hasa anayeshika usukani au mashine, anastahili kupewa kwanza dawa ya kizazi cha pili, kama loratadini, feksofenadini au setirizini, ambazo kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku. Setirizini huwasinzisha baadhi ya watu, kwa hiyo ni busara kuijaribu siku ya mapumziko, na feksofenadini imezwe kwa maji, kwa kuwa sharubati ya machungwa au ya tufaha hupunguza kiasi kinachofyonzwa na mwili. Ambaye pua yake huziba kila siku hufaidika zaidi na dawa ya steroidi ya kupuliza puani, mradi aitumie kila siku bila kukatiza, kwani nguvu yake kamili huonekana baada ya siku kadhaa. Muuza dawa anayeuliza kazi ya mteja kabla ya kufungua kabati ametimiza nusu ya tiba.

Watoto wasipewe dawa za kizazi cha kwanza ili walale: baadhi yao hupata fadhaa badala ya usingizi, na tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba prometazini isitumiwe kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua hadi kufa.

Na katika nchi ya Ukambani yenye mizinga mingi, aliyeumwa na nyuki kisha akavimba midomo au ulimi, akapumua kwa shida au akazimia, hatibiwi kwa kidonge chochote cha mzio. Anahitaji sindano ya adrenalini, na apelekwe hospitali mara moja.