Mwanga Kwanza, Duka Baadaye: Kupamba Nyumba Kando ya Ziwa

Wanaojenga Mwisenge, hapa Musoma, siku hizi wanajenga kwa moyo. Nyumba mpya zina madirisha mapana ya alminiamu, bati la rangi, dari la jipsamu lenye ngazi mbili na taa zilizozamishwa humo. Lakini ingia sebuleni saa kumi jioni: mapazia mazito yamefungwa kwa sababu jua linababua makochi, taa zimewashwa kwa sababu mapazia yamefungwa, na feni inazungusha joto lilelile. Ziwa Victoria liko mita chache kutoka hapo, na nyumba haina habari nalo.

Kazi yangu ni kupamba nyumba, na wateja wengi hunianzia na picha ya kochi waliyoiona kwenye simu. Mimi huwaomba tuliweke kochi kando kwanza. Katika mji ulio kando ya ziwa, mapambo ya kwanza ya chumba ni mwanga na upepo, na hivyo havinunuliwi. Ukishajua vinaingiaje, utanunua vitu vichache, na hivyo vichache vitapendeza.

Tuanze na jua. Musoma iko kama digrii moja na nusu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na Machi na Septemba linapita karibu utosini. Jua hilo la saa sita kulizuia ni rahisi: upenu wa sentimita 60 unatia kivuli zaidi ya mita moja ya ukuta unaotazama kaskazini, hata Juni linapoinama zaidi. Jua la kuogopwa ni la saa kumi. Linatokea magharibi likiwa chini, linapita chini ya upenu wowote, linaingia hadi ukuta wa pili. Hapo ndipo kochi la bluu linapogeuka kijivu ndani ya miaka michache, maana miale ya jua huvunja rangi ya kitambaa kidogo kidogo. Kwa hiyo, kabla hujaamua kitu gani kikae wapi, simama sebuleni saa hiyo uone mwanga unaangukia wapi. Palipopigwa na jua weka kitu kisichochuja: stuli ya mbao, mkeka, mtungi. Televisheni isitazame dirisha hilo, la sivyo mtakuwa mnaangalia mwangaza wa nje badala ya taarifa ya habari.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake inapanda, na hewa baridi ya ziwani inakuja kuziba nafasi. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ila upepo hauingii chumba ambacho hauna pa kutokea. Nimeona sebule nyingi zenye dirisha zuri upande wa ziwa, na mkabala wake dirisha la pili limezibwa na kabati la vyombo. Ukilisogeza kabati lile, chumba kinapoa siku hiyohiyo bila gharama yoyote. Jambo jingine ni dirisha la alminiamu la kusukuma pembeni. Hilo hufunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Kama bado hujamlipa fundi, upande unaopokea upepo mwambie aweke dirisha la bawaba, lifunguke lote. Na wavu wa mbu usafishwe. Ukijaa vumbi na mabawa ya wadudu unazuia hewa kuliko pazia.

Kwenye rangi ya ukuta nitakaa kidogo, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Ukuta mweupe hurudisha takribani asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Kahawia iliyokolea hurudisha chini ya asilimia 10. Ndiyo maana sebule yenye ukuta mmoja wa rangi ya chokoleti, mtindo ulioenea sana, huhitaji taa mchana kweupe. Sisemi kila kitu kiwe cheupe. Rangi ya mchanga, ya maziwa yaliyotiwa chai, au kijani hafifu cha majani ya mafunjo hukaa vizuri mno na mwanga wa ziwani, ambao una ukali wake kwa sababu maji nayo huakisi jua. Rangi nzito ninayoipenda naipeleka kwenye mlango, kwenye fremu, au kwenye ukuta uleule wenye dirisha, ambao haupokei mwanga wa moja kwa moja na kwa hiyo hauli mwanga wa chumba.

Ule mkanda wa rangi ya mafuta unaopakwa nusu ya chini ya ukuta, mweusi au wa damu ya mzee, una sababu ya maana: watoto wana mikono, na vumbi la Musoma ni jekundu. Ubakizwe koridoni na jikoni. Sebuleni hukikata chumba katikati na kukifanya kionekane kifupi. Rangi ya maji inayong'aa kidogo hufutika kwa kitambaa chenye maji na inatosha. Na tafadhali, lipu mpya iachwe ikauke walau wiki nne kabla ya kupakwa rangi. Ukiifunika ikiwa mbichi, unyevu utatafuta njia ya kutoka, na njia hiyo ni kubandua rangi yako.

Kisha usiku unaingia. Mwanga wa taa zinazouzwa kwenye maduka mengi ni mweupe wenye ubluu, na watu huuchukua kwa kudhani ndio mwanga wenye nguvu. Angalia boksi utafute tarakimu iliyoandikwa pamoja na herufi K. Taa ya 6500 ni ile nyeupe ya dukani na ya ofisini. Taa ya 3000 au 2700 ina unjano wa jioni. Nyuso za watu, mbao na chakula vyote vinapendeza chini yake. Kando ya ziwa ipo na sababu ya pili. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa makundi, ukiwatazama kwa mbali utadhani moshi unafuka ziwani, huvutwa zaidi na mwanga wenye ubluu kuliko wa njano. Badilisha taa ya varanda tu, uweke ya 2700, na asubuhi utafagia wadudu wachache. Taa nyekundu, za bluu na za zambarau zinazopishana ndani ya jipsamu ziachiwe kumbi za harusi.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe. Mwalimu Nyerere aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 alianza shule hapa Mwisenge mwaka 1934, na mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aligusa jambo ambalo mpambaji wa nyumba wa leo anapaswa kulisikia. Alisikitika kwamba Watanzania walikuwa tayari kusubiri saruji na bati kuliko kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae ambavyo wangeweza kuvitengeneza wenyewe. Hoja yake ilihusu uchumi wa nchi, lakini mimi naiona hata kwenye mito ya makochi. Tunaagiza maua ya plastiki kutoka mbali ilhali tumezungukwa na vitu ambavyo watu wa nchi nyingine hulipa fedha nyingi kuvipata.

Chukua mafunjo. Bonde la Mto Mara, kabla mto haujaingia ziwani, ni kinamasi kikubwa kilichojaa mafunjo, na wanaoishi kandokando yake hukata na kusuka mikeka. Mikeka hii imezoeleka uani na kwenye vibanda, ndiyo maana watu huona haya kuiingiza sebuleni. Kata bua moja utazame ndani: ni sponji nyeupe iliyojaa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoufanya mkeka uzuie joto. Mkeka wa mafunjo uliobanwa kwa papi nyembamba za mbao chini ya bati hupunguza joto na kelele ya mvua, na rangi yake ya dhahabu iliyofifia haifanani na kitu chochote cha dukani. Una masharti mawili. Uwe umekauka kabisa juani, maana ukiwa na unyevu utaota ukungu. Na usikaribie jiko wala waya za umeme zilizo wazi, kwa sababu unashika moto haraka.

Magugu maji ni habari fupi. Mmea huu asili yake Amerika ya Kusini, ukaingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba mialo. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo mzigo mzima ukikauka unabaki mkono mmoja. Mabua yaliyokauka husokotwa kuwa kamba, na kamba hizo hufumwa kuwa vikapu, viti na vivuli vya taa. Mafundi wa Kisumu wamelifikisha mbali jambo hili. Paka vanishi isiyong'aa, la sivyo kiti chako kitakunywa unyevu wa masika.

Kuhusu makochi nina msimamo, nao unatokana na maisha yetu. Sebule ya huku ina kazi ambayo majarida ya ng'ambo hayaijui. Msiba ukiingia, fanicha zote hutolewa nje, mikeka na magodoro hutandikwa, na kina mama hulala humo hadi matanga yaishe. Sherehe ya ubatizo au ya kumuaga binti nayo huhitaji nafasi ileile. Halafu tunanunua seti nzito za kukaa watu saba, na kochi moja linahitaji vijana wanne kulipitisha mlangoni, likirudi limechanika ubavu. Mwambie seremala akutengenezee fremu nyepesi ya mbao, miguu mirefu ili ufagio upite chini, na mito inayotoka. Acha njia ya sentimita 80 kati ya kochi na meza. Sebule ya mita nne kwa nne haihitaji zaidi ya kochi la watatu, viti viwili na stuli za kuongeza. Wageni wakizidi mkeka upo, na hakuna mgeni wa Musoma atakayeona ajabu.

Wazee wa mji huu wanaikumbuka Mutex, kiwanda cha nguo kilichokuwa hapahapa, na pamba bado inalimwa Bunda. Kitambaa, basi, si kitu kigeni kwetu, na pazia la kitenge linastahili heshima kuliko zile poliesta zinazong'aa. Hesabu yake ni hii. Kitenge cha yadi sita ni kama mita tano na nusu. Kikate vipande vitatu vya mita 1.8, viunge ubavu kwa ubavu, na utapata upana wa takribani mita 3.3. Dirisha la mita moja na nusu linataka kitambaa cha upana mara mbili yake ili mikunjo ianguke vizuri, kwa hiyo kitenge kimoja kinatosha dirisha moja, pindo zikiwemo. Nyuma shonea bitana ya marekani. Jua litaila marekani kwanza na kukuachia maua yako. Fimbo ya pazia itundikwe sentimita 20 juu ya dirisha na izidi pembeni kila upande, ili mapazia yakifunguliwa kioo chote kibaki wazi. Kanga ni fupi, inafaa jikoni, na jina lake liachwe lisomeke.

Vitu vidogo vya kupendeza viko mialoni. Kwa miaka mingi wavuvi wa dagaa walitumia karabai usiku kuwavuta samaki, na sasa wengi wamehamia taa za LED. Karabai kuukuu, ikimwagwa mafuta yote, ikasuguliwa kwa majivu na ndimu, kisha fundi umeme akaiwekea taa ndogo ya njano ndani ya kioo, ni taa ya mezani ambayo mwenzako wa Dar es Salaam hana. Mtungi wa udongo nao usiugeuze pambo tupu. Hupoza maji kwa sababu hupenyeza unyevu kidogo hadi nje, na unyevu huo ukikauka huondoka na joto. Uweke pale upepo wa ziwani unapopita, na usiupake rangi ya mafuta kama wengi wanavyofanya, maana unaziba vinyweleo vyake na maji yatabaki ya uvuguvugu.

Picha za familia tunazitundika juu mno, karibu na dari, kana kwamba tunawaogopa waliomo. Zishushe. Katikati ya picha pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama, na zipangwe pamoja ukuta mmoja badala ya moja kila ukuta.

Uani kuna mawe. Majabali ya itale yaliyotapakaa Musoma, na ambayo kule Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu huko Butiama, yanakaa na nyumba kama majirani wa zamani, huku mjini yanapasuliwa kuwa kokoto siku ya kwanza ya ujenzi. Likiwepo moja kwenye kiwanja chako, na haliko penye msingi, naomba uliache. Panda mishubiri na mkonge kwenye nyufa zake, weka benchi upande wa mashariki wa jabali, na jioni utakaa kivulini huku mji mzima ukipigwa na jua. Dirisha la chumba cha kulala tu lisikae karibu nalo, kwa sababu jiwe hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku.

Waliopanga huniuliza wafanye nini ikiwa mwenye nyumba hataki msumari hata mmoja. Wabadilishe taa, wasogeze kabati, waoshe wavu. Picha ziegemezwe juu ya kabati badala ya kutundikwa. Mkeka mmoja mpana ufunike saruji iliyopasuka, na kitenge kipitishwe kwenye waya uliokazwa kati ya nondo mbili za dirisha. Siku ya kuhama vyote hivyo vinaingia kwenye bajaji moja, isipokuwa mtungi, ambao mtu anaupakata.